Nimezama kwenye mkusanyo wa vodevili wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ni bure na nimetoka na ratiba mpya ya harusi

Kwanza nijieleze, maana najua kuna mtu atauliza we MC wa harusi unahusika nini na vichekesho vya Marekani vya enzi za babu wa babu. Niko huku Maryland mwaka wa kumi na moja sasa, jumatatu hadi ijumaa nasukuma maboksi ghalani, wikendi nashika maiki kwenye harusi, sendofu na bethdei za Wabongo na Wakenya wa huku. Sasa mwaka jana nilichemka vibaya kwenye sendofu moja. Nilimweka mjomba wa bibi harusi aongee wa kwanza kabisa, nusu ya watu bado wanatafuta paking, watoto wanakimbizana, mjomba anamwaga nasaha za ndoa zinasikilizwa na meza tatu na mpiga picha. Baada yake nikaweka hotuba nyingine. Na nyingine. Wale madada waliofanya mazoezi ya kuingia wakicheza wiki tatu nzima, nimekuja kuwaita watu wameshashika sahani. Kaka mmoja mkubwa kwenye hizi kazi, zamani alisomea sanaa za maonyesho, akanivuta pembeni: "Mdogo wangu, ratiba yako imekaa kama foleni ya benki. Katafute watu wa vodevili walivyokuwa wanapanga shoo, usome, halafu ndo urudi."

Nikaanza vibaya. Kuna app moja ya kulipia, siitaji jina, nikatoa dola zangu za mwezi mzima nikakuta vile vifilamu vya zamani visivyo na sauti vimebandikwa kinanda juu, spidi imezidi, watu wanatembea kama kuku wanaokimbia mvua. Nikakatisha. Ndo mwanangu wa kidato cha pili akaniambia baba mbona hivo vitu viko bure maktaba ya bunge. Library of Congress, ile ya Washington. Nikaingia kwenye tovuti yao, nikatafuta mkusanyo wa maonyesho ya jukwaani wa 1870 hadi 1920, na tangu siku hiyo usiku silali mapema.

Kwa ambaye hajui, vodevili ilikuwa hivi: unalipa tiketi moja, unakaa, mbele yako zinapita namba, yaani vipande vya shoo, nane au tisa ambazo hazihusiani hata kidogo. Mtu anarusha mipira, wanafuata ndugu wawili wanaimba, igizo fupi la mume na mke wanagombana, mtu wa kiinimacho, mbwa wanaotembea kwa miguu miwili, mchekeshaji, mnaenda nyumbani. Kabla ya hapo maonyesho ya mchanganyiko yalikuwa ya vilabuni, mambo ya wanaume, pombe na moshi. Tony Pastor kule New York akafungua ukumbi wake wa mtaa wa 14 mwaka 1881 akasema humu nataka kina mama na watoto, hakuna matusi, na akawa anagawa zawadi mlangoni, makaa, unga, nyama ya nguruwe. Yaani promosheni kama za sabuni. Halafu B. F. Keith wa Boston na mwenzie E. F. Albee wakaigeuza kuwa biashara ya nchi nzima, kumbi juu ya kumbi, wasanii wanazungushwa kwa treni wiki hadi wiki, na nyuma ya jukwaa kumebandikwa tangazo la maneno usiyoruhusiwa kusema. Wasanii wenyewe waliita kumbi za Keith sunday school, ile ya watoto kanisani, kwa kejeli lakini.

Sasa tuje kwenye mkusanyo wenyewe. Kuna miswada ya maigizo na vichekesho 334, ya Kiingereza na ya Kiyidishi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya mashariki), kuna karatasi za ratiba za kumbini 146, filamu 61, rekodi za sauti 10, na boksi zima la Houdini, yule mtu wa kiinimacho wa kujifungua pingu, picha 143 na vikorokoro vyake 29. Ukisikia hivo unakimbilia filamu, mimi pia nilikimbilia filamu. Kosa. Filamu zitakuburudisha dakika kumi halafu umemaliza. Kuna ile ya paka wawili wamevalishwa glavu za ndondi, imepigwa 1894 kwenye studio ya Edison kule New Jersey, paka wanatandikana kwenye kiulingo kidogo, nyuma yao mwenye paka amesimama katikati anacheka na kuwashika wasikimbie, ni sekunde chache tu lakini mke wangu aliirudia mara nne. Kuna Sandow, yule mbeba vyuma, naye 1894, anageuka taratibu anaonyesha misuli kama mtu anayejiangalia kwenye kioo cha saluni. Unaona kabisa kwamba hawa hawakuwa waigizaji wa filamu, walikuwa watu wa jukwaani waliokuja kupigwa picha wakafanya kipande cha namba yao wakarudi kazini jioni.

Halafu kuna kitu kinachouma hapo. Filamu zilianza kama namba mojawapo ndani ya shoo za vodevili. 1896 Edison alionyesha mashine yake ya filamu ukumbi wa Koster and Bial's, New York, na miezi miwili tu baadaye Keith akaleta mashine ya filamu ya Wafaransa, ndugu wa Lumière, kwenye ukumbi wake wa Union Square. Watu wa vodevili walimkaribisha mgeni, wakampa kiti, wakampa chakula, na mgeni akaja kuchukua nyumba. Mwaka 1932 Palace ya New York, ukumbi ambao kila msanii alikuwa anaota kufika, ikaacha shoo zake za mara mbili kwa siku ikawa ya sinema.

Lakini nilikuwa nasema, nenda kwenye karatasi. Karatasi ndo zina utamu. Ile miswada mingi ilipelekwa serikalini kwa ajili ya hakimiliki, ndo maana ipo, mtu ameandika kichekesho chake kwa taipu anaogopa wenzie wasimwibie, anapeleka nakala. Ukiisoma unaona jinsi walivyobana maneno. Hamna utangulizi wala habari ya "mabibi na mabwana leo nina furaha". Mstari wa kwanza mtu anaingia na tatizo, wa pili mwenzie anamjibu vibaya, wa tatu tayari kuna kicheko. Mimi peke yangu salamu zangu za kufungua sherehe ni dakika tano, nilisoma hiyo miswada nikajionea aibu.

Zile karatasi za ratiba nazo. Mwanzoni unaona ni majina tu yamepangwa, huelewi. Kilichonifungua macho ni maelezo ya George Gottlieb, aliyekuwa anapanga ratiba za Palace, ambaye alishaeleza kwa nini kila namba inakaa pale ilipo. Namba ya kwanza weka kitu kisicho na maneno, sarakasi, wanyama, dansi, kwa sababu watu bado wanaingia wanatafuta viti na ukiweka mtu wa kuongea unampoteza bure (hapa nilifunga laptop nikatembea kidogo jikoni, nikamkumbuka mjomba). Namba ya pili wimbo, mwanaume na mwanamke, watu watulie. Ya tatu igizo dogo lenye visa ili waamke. Ya nne ndo ngumi ya kwanza, ya tano jina kubwa, watu watoke mapumziko wanazungumzia hilo hilo. Baada ya mapumziko ndo nafasi ngumu kuliko zote, watu wamerudi na soda zao hawajatulia, lazima uwashike lakini usimzidi anayefuata. Ya saba igizo kubwa linalotumia jukwaa zima. Ya nane, sio ya mwisho jamani, ya NANE, ndo anakaa yule staa ambaye watu walimfuata, mara nyingi mchekeshaji, peke yake. Na ya tisa ni kitu cha kuangalia kwa macho tu, wanyama au wanasarakasi, maana watu wanaanza kuvaa makoti na kutoka, sasa usimwekee msanii wa watu maneno ambayo yatasikilizwa na migongo.

Kuna na la pazia. Msanii mmoja mmoja walimpa nafasi ile nyembamba mbele ya pazia, anachekesha pale, nyuma ya pazia vijana wanasukuma meza na kabati za igizo linalofuata kimya kimya. Akimaliza, pazia linafunguka, sebule iko tayari. Kwa hiyo mchekeshaji wa kusimama peke yake na maiki, hii staili ambayo leo ndo imejaa kila mahali, kwa sehemu kubwa ilinolewa kwenye hiyo nafasi ya mbele ya pazia, kumpa fundi muda wa kupanga viti. Sijawahi kuwaza hivo. Sisi huku tunapanga keki mezani wageni wote wanatuangalia, kimya, DJ naye ameenda chooni.

Ukishaelewa hiyo ratiba, vitu vingi vya Marekani vinajifungua. Mfano Ed Sullivan, yule wa TV aliyekuwa hewani 1948 hadi 1971. Usiku ule wa Februari 1964 Beatles walipotokea kwake mara ya kwanza, watu milioni 73 wanaangalia, unajua nani alifuata baada ya wao kuimba nyimbo zao za mwanzo? Mtu wa kiinimacho cha karata. Na usiku huo huo kulikuwa na mwigaji wa sauti za watu, na wanasarakasi. Hiyo ni ratiba ya vodevili kavu kavu, imehamishiwa kwenye boksi la sebuleni. Na hata kampuni ya filamu ya RKO, waliotoa yule sokwe mkubwa wa 1933, hiyo K ni Keith na O ni Orpheum, yaani minyororo ya kumbi za vodevili iliyomezwa 1928. Jina la marehemu limebaki kwenye mlango wa aliyemrithi.

Na wasanii, we acha tu. Buster Keaton alipandishwa jukwaani na wazazi wake akiwa na miaka kama mitano, namba yao ilikuwa baba anamrusha mtoto huku na kule, wamemshonea mpini wa begi mgongoni kwenye nguo ili aweze kushikwa vizuri na kutupwa. Wale watu wa kutetea watoto wa New York waliwaandama miaka na miaka. Mtoto akagundua kwamba akitabasamu baada ya kuanguka watu hawacheki, akikausha uso wanakufa kwa kicheko, basi ule uso mkavu ambao dunia nzima inaujua kwenye filamu zake ulitokea huko. W. C. Fields, mchekeshaji wa filamu, alianza kwa kurusha mipira. Cary Grant, yule mtanashati wa suti, aliingia Marekani 1920 akiwa kijana wa miaka 16 na kikundi cha sarakasi kutoka Uingereza. Houdini alikuwa anahangaika na namba zake mpaka Martin Beck, bosi wa kumbi za Orpheum, alipomchukua 1899 akamwambia achana na hayo mengine, shika pingu. George Burns na Gracie Allen, wachekeshaji mume na mke, wao mwanzoni Gracie ndo alikuwa anauliza maswali na George ndo achekeshe, watu wakawa wanacheka maswali, majibu hawana habari nayo, George akaelewa haraka, wakabadilishana, wakaishi mjini kwa hilo badiliko moja, redio hadi TV. Hata Helen Keller, ndiyo yule yule kipofu na kiziwi, alikuwa na namba yake ya kama dakika 20 miaka ya mwanzo ya 1920, na mwisho anajibu maswali ya watazamaji.

Lakini angalia tarehe, mkusanyo unaishia 1920. Kina Burns na Allen hutowakuta humo. Na utakosa kitu kingine kikubwa zaidi, ule mzunguko wa kumbi za watu weusi wa miaka ya 1920, TOBA (Theatre Owners' Booking Association), uliowapitisha waimbaji wa blues kina Ma Rainey na Bessie Smith, malipo kiduchu, safari mbovu, mpaka wasanii wakazigeuza herufi zile kuwa utani kwamba maana yake ni mateso kwa wasanii weusi. Hiyo inabidi uitafute kwingine.

Na hapa lazima niseme jambo, ukifungua miswada hii ujiandae. Kuna ubaguzi humo usio na aibu. Vichekesho vizima vimejengwa juu ya kumchora Mweusi mjinga, Muairishi mlevi, Myahudi bahili, Mjerumani anayeharibu Kiingereza, na vile vya watu kujipaka masizi ya kizibo kilichochomwa usoni ndo kabisa. Mi nilifungua mmoja saa sita usiku nikaufunga, nikalala, nikaufungua tena kesho yake. Sisemi wangevificha, afadhali vipo vinasomeka, ila usimwachie mtoto wa darasa la nne aperuzi peke yake.

Ndo nikamtafuta Bert Williams, mchekeshaji. Mzaliwa wa Nassau, Bahamas, 1874, mtu mweusi mwenye rangi ya maji ya kunde, msomaji wa vitabu, na ili apande jukwaani ilibidi naye ajipake masizi, mweusi anajipaka weusi, aongee lafudhi ambayo sio yake. Na ndani ya hicho kizimba akatengeneza kitu ambacho wazungu wote waliokuwa pale walibaki kukiangalia. Mwaka 1910 akaingia kwenye shoo kubwa za prodyuza Ziegfeld kule Broadway, mtaa wa kumbi za New York, mweusi wa kwanza kuwa staa kwenye zile shoo. Alikuwa na namba moja ya kucheza poka, hana karata, hana wenzie, hana meza, anagawa karata hewani, anawaangalia wachezaji wasiokuwepo mmoja mmoja, anaangalia mkono wake mwenyewe, uso unainuka taratibu kwa matumaini, anaongeza hela, halafu anaona alichonacho mwenzie na uso unashuka. Basi, hiyo tu. Hakuna neno hata moja. Aliifanya tena kwenye filamu ya 1916 na ipo mtandaoni, itafute, ukishaiona utajua kwa nini W. C. Fields alisema huyu ndiye mtu wa kuchekesha kuliko wote aliowahi kuwaona na mwenye huzuni kuliko wote aliowahi kuwajua. Mimi niliiangalia nikiwa kwenye mapumziko ya kazi, na kijana mmoja wa Honduras ambaye Kiingereza hajui vizuri na Kiswahili hajui kabisa akasimama nyuma yangu akaiangalia yote mpaka mwisho, hakuuliza swali.

Mambo ya kawaida ya matumizi: haihitaji akaunti wala kadi, unaweza kudaunlodi, ukichuja kwa aina ya kitu utaokoa muda sana. Tumia laptop, maandishi ya taipu ya miaka mia na zaidi ni madogo na simu yangu mimi kioo kimepasuka. Kila kitu ni Kiingereza, na Kiyidishi ambacho mimi naangalia tu herufi. Rekodi za sauti zinakwaruza kama mtu anakaanga vitumbua nyuma ya mwimbaji, vaa hedifoni uvumilie. Kama unataka kuona vichekesho tu ucheke ulale, nenda kwa Keaton moja kwa moja, huku utaboreka. Ila kama ni MC, DJ, mwalimu wa maigizo, mchekeshaji unayeanza, mwandaaji wa tamasha la shule, ingia uchimbe. Nawapa nyota nne na nusu, hiyo nusu naishikilia kwa sababu ya 1920, wangenisogezea miaka kumi tu mbele ningetoa tano.

Ukimaliza huko hamia chuo kikuu cha Iowa, wao wana makabrasha ya kumbi za Keith na Albee, ikiwemo ripoti za mameneja. Meneja alikuwa anakaa anaangalia shoo ya jumatatu, halafu anaandika kila namba imechukua dakika ngapi, watu wamecheka au wamepoa, nini kikatwe, anatuma makao makuu. Rivyu hizo! Na hazikuwa za kufurahisha mtu, msanii kazi yake ya wiki zijazo ilitegemea hayo maneno. Na Albee na wenzie walishika ofisi ya kugawa kazi na kumkata msanii asilimia zake, wasanii walipojaribu kugoma, 1901 na tena 1916 kuelekea 1917, walishindwa. Nikikumbuka hilo, kamati za harusi zinazoniambia "MC tutakumalizia jumatatu" naziona zina huruma.

Mwezi uliopita nikapata sendofu nyingine, nikapanga kama Gottlieb. Wageni wanaingia, nikaanza na ngoma na watoto watatu wa sarakasi, hakuna neno hata moja. Wimbo wa dada wawili. Madada wa kuingia wakicheza nikawaweka namba nne, ukumbi ukalipuka. Keki tuliipanga nyuma ya mapazia ya kukodi wakati mimi napiga stori mbele. Na mjomba, maana familia hii nayo ilikuwa na mjomba wake, nikamweka namba nane, taa zimepunguzwa, watu wameshiba, wamecheka, kimya, wote wanamwangalia yeye. Aliongea vizuri sana, mama wa bibi harusi alilia. Tatizo tulikubaliana dakika saba, akakaa ishirini na mbili.